Kiwiko cha Rasmine

Kisiwa kizima cha Fyn, kule Denmark, ukitaka bia ya moshi ya kweli, uliambiwa nenda kwa Rasmine. Mwanamke yule alikuwa na mikono, jamani! Shayiri aliiotesha mwenyewe, kimea akakikausha juu ya moshi wa kuni mbichi mpaka nyumba nzima ikanukia, na kipimajoto hakutaka hata kukiona. Togwa ikishachujwa na kuanza kupoa, alikunja mkono wa blauzi, akachovya kiwiko, akasema, "Bado," au, "Haya, sasa." Ndipo akamimina chachu aliyorithi kwa mama yake, ambayo aliihifadhi chupani ndani ya kisima. Miaka thelathini hakukosea hata mara moja.

Majira ya baridi ya mwaka 1953 alipata kiharusi kidogo, mkono wa kulia ukabaki na ganzi. Hakumwambia mtu. Mwezi wa tano, siku kumi kabla ya harusi ya binti yake Signe, alichovya kiwiko kilekile, akasema, "Haya," akamimina chachu yote.

Kesho yake pipa lilikuwa kimya, halina hata povu. Chachu ya mama yake ilikuwa imeungua, na hakuwa amebakiza tone.

"Mama, tununue bia ya kiwandani," Signe akasema. "Wageni hawatakufa."

"Watakufa kwa kunicheka!" Rasmine akamjibu, kisha akaketi akalia.

Chachu ile ilibaki nyumba moja tu, kwa jirani yake Abelone, aliyegawiwa zamani. Lakini wawili hao walikuwa hawasemezani mwaka wa kumi na moja sasa, tangu Abelone alipotamka kwenye ubatizo, mbele ya mchungaji, kwamba bia ya Rasmine moshi umezidi, ni kama kulamba dohani.

Rasmine alijitupia shali, akavuka barabara.

"Makubwa! Leo jua limechomoza wapi?" Abelone akauliza mlangoni.

"Nimeiua chachu ya mama, Abelone. Mkono wangu hausikii kitu."

Abelone alikuwa na maneno aliyoyaweka akiba miaka yote hiyo. Hakuyatoa. Alikwenda kisimani, akavuta chupa yake, kisha akakunja mkono wa blauzi.

"Twende tukapike upya, shoga. Ila moshi upunguze."

"Sipunguzi ng'o!"

"Haya, yako hayo."

Siku ya harusi wazee walikunywa, wakagonga meza. "Rasmine, kiwiko chako hakizeeki!" mmoja akapaza sauti.

Rasmine hakuwahi kugawana sifa na mtu maishani mwake. Alisimama.

"Changu kimekufa," akasema. "Hiyo mnayokunywa, kiwiko ni cha Abelone."

Abelone alikunywa kikombe chake mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka.

"Moshi umezidi," akasema, akanyoosha kikombe aongezwe.