Dobi Aliyeandika Barua za Marehemu

Alizaliwa mwaka 1938, mtoto wa nne wa mwashi na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya tanuri la matofali. Wazazi wake walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka tisa, na shangazi aliyemlea hakuwa na uwezo wa kumpeleka shule. Alijifunza kusoma kanisani, akisimama karibu na wenye vitabu vya nyimbo na kufuata kidole cha jirani. Ndiyo maana hata uzeeni alisoma kama anayeimba, na wakorofi walimcheka. Alipotimiza miaka kumi na saba aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, kazi ambayo hakuiacha mpaka ugonjwa wa mwisho.

Wito ulimjia wodini mwaka 1964, alipokwenda kukusanya mashuka. Mama mmoja aliyekuwa akikata roho alimshika mkono, akamwonyesha mtoto aliyeketi sakafuni. "Dada, huyu wangu asome." Dobi aliitikia, na ahadi ni deni. Akamwendea padre, akafundishwa namna ya kuwaandikia Wakristo wa mbali, akawaeleza habari za yatima na watoto wa maskini, mmoja mmoja, ili kila mtoto apate mfadhili wa kumsomesha katika shule ya kanisa. Kwa miaka ishirini watoto thelathini na mmoja walisoma hivyo, na watu wakambandika jina la Mama Stempu.

Lakini wema haumkingi mtu na ulimi. Bombani wanawake walinong'onezana: "Picha za watoto zinakwenda wapi? Mtu wa mbali amnunulie sare mtoto asiyemjua, kwa lipi?" Wengine waliwaita watoto wao ndani alipopita. Shemeji yake mwenyewe alisema anauza watoto kwenye bahasha. Yeye alijibu, "Njooni mtazame madaftari yao." Hakuna aliyekwenda.

Mwaka 1985 shuku ilifika ofisi ya parokia. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alimletea padre barua tatu za yatima mmoja wa miaka kumi na mitano, zilizosemekana kutoka kwa mfadhili wake, mkunga mstaafu aliyeishi ng'ambo. Zote zilipitia kwa dobi, na zote hazikuwa na bahasha. "Tena zinanukia sabuni ya hospitali yetu," alisema mwalimu mkuu. Tukateuliwa watu watatu kuchunguza: padre, mwalimu mkuu, na mimi katekista niandikaye haya. Sikwenda kwa moyo safi. Nilikwisha kumkanya mara mbili kwa kufua nguo za watu Jumapili, na niliamini kabisa kwamba anakula msaada wa mtoto.

Chumbani mwake mlikuwa na kitanda, pasi ya mkaa na sanduku la bati. Padre alimwomba alifungue, naye akalifungua. Ndani tulikuta barua ya wakili, ikisema kwamba mkunga yule alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Chini yake kulikuwa na karatasi za kujifunzia mwandiko, maneno yaleyale yakirudiwa mpaka yakafanana na ya marehemu.

"Karo analipa nani?" padre aliuliza.

"Nguo za Jumapili, Baba."

"Na uongo huu ni wa nini?"

"Mtoto huyu ameshazika baba na mama. Nilishindwa kumzikisha wa tatu."

Mwalimu mkuu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa bado natafuta kosa, nikapekua hata chini ya godoro. Padre alimwambia kwamba uongo ni uongo, akamwamuru amweleze msichana kwa kinywa chake. Alitii siku hiyohiyo, akaenda kwa miguu.

Msichana alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo miaka minne namwombea afya marehemu, na wewe unaniangalia tu?" Akaanza kufunga mizigo aondoke shuleni. Dobi alisimama mlangoni, akamwambia, "Nichukie, mwanangu, una haki. Ila nichukie ukiwa darasani." Msichana alibaki, lakini kwa miaka tisa hakumwamkia; wakikutana njiani alivuka upande wa pili. Dobi naye aliendelea kufua na kulipa mpaka binti akahitimu ualimu.

Mwaka 1994 mapafu yalimshinda, akalazwa juu ya mashuka aliyoyafua mwenyewe. Siku ya nne aliingia mwalimu kijana, akaomba beseni, akamwogesha. Alipomaliza kumkausha miguu, alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alifariki siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Miezi miwili baadaye ilifika parokiani barua ya mtu tusiyemjua, akikubali kuwasomesha watoto watatu aliosema ameombwa na dobi, "katika barua yako ya tarehe 14 Juni." Waumini walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda posta kuuliza, na karani akaniambia kwamba wagonjwa hukosea tarehe. Huenda. Watoto hao watatu wanasoma.

Leo barua huandikwa na yule mwalimu, kwa jina lake mwenyewe. Wapendwa, tusiuige uongo wa dobi, maana yeye mwenyewe aliuungama. Tuziige Jumapili zake. Nawe unayeshuku kama nilivyoshuku mimi, uliza, una haki ya kuuliza. Na ukishajibiwa, mchukue mtoto mmoja umsomeshe.