Mguu wa Kushoto wa Mugisho

Mwaka nilipomaliza darasa la sita, nyumbani hakukuwa na njia ya kunipeleka mbele, na Papa Modeste wa mtaa wa Cimpunda akanipa sindano. Kazi yake ilikuwa kushona mipira na viatu. Hakumwomba baba yangu kitu. Alinionyesha kisanduku cha kukalia, akaniwekea mpira uliopasuka mapajani, akasema: "Usivute uzi sana. Ukivuta sana, uzi inakata ngozi." Nilishona siku nzima. Jioni alifumua yote akanirudishia mpira. Tulikwenda hivyo mwezi mzima, mpaka siku moja alitazama kazi yangu na hakufumua.

Kwa sindano ile nimeoa, nimesomesha watoto watatu, na leo nina kibanda changu cha viatu kwenye mteremko wa soko la Kadutu. Lakini kumwambia aksanti, sikuwahi. Maneno ya namna hiyo hunikwama kooni. Mke wangu Nsimire husema hata yeye nilimtengenezea viatu mara nne, vingine havikuwa na ubovu wowote, kabla sijamuuliza jina.

Zamani, nilipokuwa bado mtoto mdogo, Papa Modeste alikuwa mtu wa timu. Kadutu kulikuwa na timu iliyoitwa Radi, na Radi ilikuwa na Mugisho, namba kumi na moja. Watu wa umri wangu wamemsikia tu, ila hakuna asiyemjua. Alipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Ule wa kulia, Papa Modeste alisema, ulikuwa wa kusimamia. Yeye ndiye aliyefua jezi za Radi na kushona viatu vyao. Kiatu cha kushoto cha Mugisho kilirudi kwake karibu kila juma, cha kulia kilimaliza msimu kikiwa kizima. Hadithi zake zote alizotusimulia tukishona zilianzia kwenye kiatu kile.

Kando ya mlango wake kulitundikwa karata ya Mugisho. Ndivyo tulivyoziita zile picha ndogo, ukubwa wa kiganja, ambazo mpiga picha mmoja wa Kadutu alizichapa na kuwauzia wapenzi wa timu. Miaka miwili iliyopita moto uliwaka Cimpunda, nyumba ya Papa Modeste ikaungua pamoja na karata hiyo. Binti yake Adélaïde akamchukua akae naye Nyantende, nje ya mji.

Nilikwenda kumwona. Alikula vizuri, aliuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mpira hakuutaja. Adélaïde akinisindikiza njiani aliniambia: "Tangu nyumba iungue, haongei tena mupira. Batoto bakimuuliza Mugisho, anasema amesahau."

Nikarudi mjini nikiwa nimeamua. Nitamtafutia karata ya Mugisho, nimpelekee, na siku hiyo hiyo nitamwambia lile neno. Bila kitu mkononi nilijua litanikwama tena.

Yule mpiga picha alikufa kitambo. Binti yake, Maman Gisèle, anauza madaftari na kalenda si mbali na kibanda changu, na mabaki ya picha za baba yake anayaweka ndani ya bati la biskuti.

"Karibu, fundi," alisema. "Leo unaniletea kiatu ya nani?"

"Si kiatu. Natafuta Mugisho."

"Na wewe tena? Batu ba Ulaya bananisumbua kila siku kwa WhatsApp juu ya Mugisho. Ama ulihamia Bruxelles bila kutuaga?"

Alicheka, nami nikacheka, na hiyo ilinisaidia kukaa. Alitandaza kitambaa, akaweka karata tatu juu yake. Ya kwanza ilikuwa safi kama ilichapwa jana. Aliponitajia bei yake nilitazama viatu vyangu, naye akairudisha ndani ya bati. Mbili zilizobaki ziliingia katika uwezo wangu.

Moja ilikuwa imeingiwa na maji. Mguu wa kushoto ulionekana vizuri, mpira uko penye ncha ya kiatu, lakini mahali pa uso palibaki doa la kahawia. Ya pili ilikuwa na uso unaong'aa, ungeweza kuhesabu meno ya Mugisho. Nikashangaa kwamba bei yake ilikuwa chini kuliko ile ya doa.

"Hii iko na shida gani?"

"Angalia muguu."

Nikaangalia. Mugisho alikuwa akipiga mpira kwa mguu wa kulia.

"Siku ile baba alichapa mbio, umeme ilikuwa karibu kukatika," Maman Gisèle alieleza. "Akaweka filme kinyume. Kushoto ikakuwa kulia. Tena hata pembeni hakukata. Zingine zote alizikata, Mugisho abakie peke yake. Sitaki kukudanganya, fundi. Nilitumia mutu moja wa Ulaya foto yake, akanijibu huyu si Mugisho."

"Lakini namba iko sawa."

"Kumi na moja ukiigeuza inabakia kumi na moja. Angevaa saba, baba angeona."

Nilikaa na karata mbili mkononi, wateja wake wakija na kwenda. Ningewezaje kumpelekea Papa Modeste Mugisho anayepiga kwa mguu wa kusimamia? Afadhali doa. Uso wa Mugisho aliujua, angeujaza mwenyewe. Nikaweka kando ile iliyogeuka, nikaanza kutoa pesa.

Sijui kwa nini niliitazama tena. Nafikiri jua lilikuwa limefika kwenye kitambaa. Pale pembeni ambapo hapakukatwa, nje ya mstari wa chokaa, kulikuwa na kijana mwembamba amepiga magoti, kiatu mapajani, kichwa amekiinamisha upande, ncha ya uzi ameibana kwa midomo. Papa Modeste hulowesha uzi kwa mate na kuacha ncha yake mdomoni ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo, isipokuwa mimi, na Nsimire hunigombeza kwa hilo kila siku.

"Nachukua hii," nikasema.

"Ile ya kugeuka? Fundi, usininunulie kwa huruma."

Nikamwonyesha kwa kidole yule wa pembeni, nikamwambia ni nani. Akaisogeza karibu na macho.

"Miaka yote hii," alisema, "nilifikiri ni mutu wa kutengeneza baiskeli." Akanipunguzia bei ambayo tayari ilikuwa ndogo, na akanitafutia bahasha yenye muhuri wa baba yake.

Jumapili, baada ya misa, nilipanda pikipiki mpaka Nyantende. Papa Modeste alikuwa nyuma ya nyumba, juani, Adélaïde akichambua maharagwe karibu naye. Nilimsalimia, nikamwekea karata mkononi. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno, lakini yote yalipotea.

Aliinua karata mpaka ikakaribia pua.

"Mugisho," alisema. Jicho lake likashuka mpaka kwenye kiatu. "Muguu si yake."

"Baliigeuza, papa. Kwa kuchapa."

"Naona. Hata kilima ya nyuma imehamia upande ingine." Akaishusha juu ya goti. "Aksanti, mutoto yangu. Ulijichokesha." Alisema kama mtu anayepokea sahani huku ameshiba.

Nilijua nikinyamaza hapo, nitapanda pikipiki kurudi na neno langu.

"Papa, usiangalie Mugisho. Angalia pembeni."

"Pembeni kuko nini?"

"Kuko mutu."

Akaiinua tena. Adélaïde aliacha maharagwe, akaja kusimama nyuma yake.

"Ni wewe, papa," alisema. "Na ulikuwa na nywele."

 Kidole cha Papa Modeste kilipita polepole kwenye ukingo wa picha, mahali ambapo mkasi haukupita.

"Banapiga foto ya wachezaji," alisema. "Banapiga kocha. Siku moja banapiga hata mbuzi yenye iliingia kiwanjani, naikumbuka ile foto. Miye niko nyuma ya mupiga picha, na ndoo." Akakohoa. "Sasa mbona nashona na mukono ya kushoto? Ah. Balitugeuza sote wawili."

Alimwita mjukuu wake Gloire alete kioo cha kunyolea. Akakisimamisha kwenye goti moja, karata akaigeuzia kioo. Tukainama wote wanne. Ndani ya kioo, Mugisho alipiga kwa kushoto, kilima kilirudi mahali pake, na kijana wa pembeni alishika sindano kwa mkono wa kulia.

"Sasa iko sawa," alisema Papa Modeste. "Gloire, unaona kiatu yenye nashona? Ni yake. Ya kushoto. Ilipasuka kabla ya mapumziko."

"Sasa yeye anapiga na nini, babu?"

"Na kiatu ya Lucien, gardien wetu. Inamuzidi namba mbili. Angalia kisigino, inataka kutoka."

"Na Lucien?"

"Lucien anasimama golini na kiatu moja, anaomba Mungu mupira isifike kule."

Gloire alicheka mpaka akakaa chini. Papa Modeste aliendelea. Alitutajia jina la mwamuzi, jina la aliyetoa pasi, na jinsi yeye mwenyewe alivyomaliza kushona kile kiatu dakika ambayo hakikuhitajika tena, kwa kuwa Mugisho alikataa kuvua kiatu kilichofunga goli. Adélaïde alinitazama juu ya kichwa cha baba yake. Maharagwe yake yalikaa hivyo hivyo mpaka saa nane.

Nilipoinuka kuaga, nilimshika mkono, na sikuuachia.

"Papa, aksanti," nikasema. "Kwa sindano."

 Papa Modeste akainama, akashika ncha ya kiatu changu, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Ulikuwa unavuta uzi sana," alisema.

"Siku hizi sivuti sana."

"Naona. Hii singeifumua."

Karata sasa iko kwenye ukuta wa nyumba ya Adélaïde, na kioo cha kunyolea kimetundikwa ukuta wa pili, kimeielekea. Mgeni akifika, Papa Modeste humkataza kuangalia karata. Humgeuza kwa mabega aangalie kwenye kioo, na humwambia aanzie pembeni.