Mjerumani Wangu wa Chepsaita

Nilipoacha kukimbia, kitu cha kwanza nilichotaka ni kuketi. Si kuketi sebuleni na kuletewa chai. Hilo lingenichosha kabla ya wiki kuisha. Nilitaka kuketi nyuma ya usukani wa gari zuri, niingie barabara ya Kaptagat iliyonimalizia magoti, na nipande vile vilima vyote bila kuhema. Miaka mingi nimeyajua magari kwa vumbi na matope. Gari kubwa likikupita asubuhi, wewe uko ukingoni mwa barabara na mbele bado ni mbali, unalichukia kwa moyo wako wote na papo hapo unalitamani.

Pesa za kulinunua zilikuwa zangu, za mbio za ng'ambo, na hakuna aliyebisha hilo. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Nilipokuwa kambini au safarini, yeye ndiye aliyewaogesha watoto, akapanda mahindi, akavuna, na akaketi na wazee kila walipomwita. Ni mtu mpole, anayeendesha gari kana kwamba amepakata trei ya mayai. Nampenda, na nalisema mapema ili mtu asije akanielewa vibaya huko mbele.

Lakini hebu fikiria. Pikapu tuliyokuwa nayo niliinunua mimi, na watu wote kutoka kijijini kwetu Chepsaita mpaka Turbo waliiita pikapu ya mwalimu. Shamba nililiongeza mimi, likawa shamba la mwalimu. Hata ng'ombe wa maziwa, ambao mwalimu mwenyewe anawaogopa kidogo, walikuwa ng'ombe wa mwalimu. Wakati ule sikulalamika, kwa sababu nilikuwa na mbio za kukimbia. Safari hii nilitaka kitu kimoja kisimame mbele ya watu na kiitwe changu, hata ikiwa ni mara moja tu.

Basi tukaanza kuyatazama magari ya kifahari. Huku kwetu gari la namna hiyo huitwa kwa uraia wake: kuna Mjapani, kuna Mjerumani, kuna Mwingereza. Mwenye yadi ya magari, pembeni mwa mji wa Eldoret, alitupokea kwa soda baridi. Alimshika mume wangu mkono akaanzisha mazungumzo ya mvua na mbolea, kisha akaniuliza mimi kama ningependa kuketi kivulini. Nilimwambia nimekuja kuendesha. Mume wangu, ambaye hawezi kuiacha shule shuleni, alikwisha kuamua kwamba kila gari litafanya mtihani wa masomo manne: thamani, raha ya kuendesha, kutegemeka na heshima. Nilimcheka, lakini nikakubali kuwa msimamizi mwenza.

Mwingereza alikuwa mzuri kupita kiasi. Ndani alinukia ngozi mpya, na viti vilikukumbatia hata ukasahau ulikuja kufanya nini. Nikampenda mara moja. Shida ni kwamba jirani yetu mmoja ana Mwingereza kama huyo, na tangu amnunue tumezoea kumwona akienda mjini kwa miguu. Kila ukimuuliza gari liko wapi, anasema liko gereji, linaangaliwa kidogo. Inawezekana ni bahati mbaya ya lile moja tu. Lakini hofu ikishaingia haitoki kwa harufu ya ngozi, na mume wangu akampa Mwingereza alama za juu kwa urembo, somo ambalo halikuwa kwenye mtihani.

Mjapani ndiye aliyependwa na ukoo mzima. Ni gari refu, pana, la kupandia kwa kidato. Spea zake zinapatikana kila mji, matope hayalitishi, na ukitaka kuliuza, wanunuzi watakufuata mpaka nyumbani. Baba mkwe wangu alikuwa amelitaja kila tulipokutana, tangu mahindi yakiwa ya magotini. Kwake yeye, mtu aliyefika anafika na hilo. Nami siwezi kusema ni baya. Nililiendesha mpaka mjini, na kwa kweli barabara ilinipisha. Malori yaliyonidharau miaka yote yalinipa njia.

Tulipofika langoni mwa supamaketi, askari alikimbia, akafungua lango lote, akapiga saluti. Kisha akazunguka mbele ya gari, akanipita mimi niliyeshika usukani, akaenda dirisha la kushoto.

"Karibu sana Mzee! Park hapo kwa kivuli, hakuna shida."

Mume wangu akasema asante. Angefanya nini kingine? Lakini nilimwona akinyoosha mgongo kidogo, na mimi nikafinyika. Niliegesha vibaya kwa makusudi.

Siku iliyofuata tulimchukua Mjerumani. Alikuwa gari la saluni, la chini, jeusi, lisilo na makuu, kiasi kwamba mume wangu aliuliza kama limefika lote. Mpaka tunatoka mjini sikuona cha ajabu. Halafu tukaingia barabara ya Kaptagat, msitu ukaanza, na zile kona zikaja. Kila kona pale naijua kwa nyayo. Najua mahali pumzi inapokatika, najua mti ambao chini yake watu hujifanya wanafunga kamba za viatu. Lile gari liliingia kona ya kwanza kama limezaliwa pale. Nikikanyaga kidogo linanielewa, nikiachilia linatulia. Usukani ulinieleza kila jiwe lililo chini. Nilipofika kile kilima kirefu kilichowahi kunitapisha nikiwa msichana, nilikanyaga, kikaisha, na nikasikia mtu anacheka kwa sauti kubwa. Kumbe ni mimi. Mume wangu alikuwa amefumba macho na anaomba.

"Raha ya kuendesha?" nilimuuliza tuliposimama.

"Kwa dereva, alama zote," akasema. "Kwa mwingine, hapana maoni."

Tulilipitisha kwa fundi wetu mjini, kwa kuwa mapenzi hayakagui injini. Fundi akalizunguka, akalala chini yake, akainuka akijifuta. Alisema ni gari zuri lakini lina tabia. "Huyu hataki mafuta ya kubahatisha, Mama. Servisi ikifika, imefika. Akiwasha taa nyekundu, usimwambie ngoja mpaka tuvune." Akaongeza kwamba kuliuza baadaye kutakuwa kazi, kwa sababu watu wa huku wanaliogopa, na kwamba barabara ya Chepsaita italikwaruza tumbo. Kwa hesabu ya mume wangu, Mjapani alishinda masomo matatu kati ya manne. Hakukuwa na ubishi. Hata mimi ningesahihisha vile vile.

Tukarudi nyumbani na pikapu, mume wangu akiendesha. Karibu na Turbo nikamwambia nimeamua Mjerumani.

Akabadilisha gia. Akasema, "Hiyo nyingine watu wangesema ni gari ya familia."

"Wangesema ni ya mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Wangesema hivyo."

"Na wewe unataka waseme hivyo?"

Akaniambia kwamba pale madukani, tangu habari za gari zianze, wanaume humuuliza kila jioni kama dereva wake, yaani mimi, amefika, kama dereva atamruhusu anywe chai ya pili. Huwa anacheka nao. Lakini siku moja baba yake alikuwapo, na hakucheka. Aliinuka akaenda zake. "Mimi najua ni pesa ya nani," akasema. "Sitaki tu Mzee aone haya kwa sababu yangu."

Niliumia. Ningekuwa na mume mjeuri ningejua la kufanya, maana hasira ninayo ya kutosha kijiji. Lakini huyu alikuwa ameficha aibu yake mwezi mzima ili mimi nifurahie magari. Nilifikiri kumwambia basi, tuchukue Mjapani, yaishe. Neno lilifika kwenye ulimi. Likarudi. Nikanunua Mjerumani, na sikuwa na furaha niliyoitarajia.

Kwetu gari jipya, hata likiwa trekta, halitembei kwa amani mpaka lipelekwe nyumbani kwa wazee. Mchungaji analiombea. Akina mama wananyunyiza mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa wa mti, kwenye kila gurudumu. Kisha mzee wa boma anamkabidhi mwenye gari ufunguo mbele ya watu wote, na mwenye gari anawapakia wazee kwa safari ya kwanza. Nimehudhuria nyingi. Funguo zote nilizoona zikikabidhiwa ziliingia mkononi mwa mwanamume. Wa pikapu ulipokabidhiwa, mimi nilikuwa jikoni nikipakua wali.

Siku yenyewe niliendesha mimi kutoka Eldoret. Mume wangu alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Hakuniomba usukani, na mimi sikumpa. Pale langoni kwa baba yake kuna nundu ya mawe ya kuzuia maji ya mvua. Mjerumani akaipanda na tumbo lake likalia mpaka watu wote uani wakageuka. Mwanamume mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Ile kubwa haingegusa." Nilitamani nirudi kinyumenyume mpaka mjini.

Mchungaji aliomba kwa urefu. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu, kwa nyumba ya mwalimu na baraka za mwalimu. Mama mkwe na wenzake wakaanza kuzunguka na kibuyu, gurudumu kwa gurudumu. Baba mkwe akapewa ufunguo. Akaugeuza mkononi, maana haukuwa na meno, ni kidude tu cheusi chenye vitufe. Akakohoa.

"Mwenye gari aje."

Akaunyoosha mkono kwa mwanawe, kama alivyofanya siku ya pikapu.

Mume wangu alisogea mpaka mbele yake. Nikatazama chini, kwenye nyasi, na nikajiambia kwamba nikilia pale nitajichukia. Kisha nikasikia sauti ile ile anayotumia darasani, ya upole lakini inafika mpaka nyuma.

"Baba, hii gari si yangu. Ni ya mama watoto. Hata pikapu ni yake. Mimi nimebebwa tu."

Wanaume wakacheka. Walicheka kweli, wengine wakapiga mapaja. Yeye akasimama katikati ya kicheko hicho na koti lake, mikono ikining'inia, na hakusogea. Sijawahi kumpenda namna ile, si siku ya harusi yetu, si siku alipokuja uwanja wa ndege na watoto wote wamevaa sare moja.

Baba mkwe hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka na hakujua aupeleke wapi. Hajawahi kumpa mwanamke ufunguo, na mimi ni mke wa mwanawe. Kwa malezi yake, yeye na mimi hatupeani kitu mkono kwa mkono mbele ya watu. Mwishowe akauweka ufunguo juu ya boneti, taratibu, akarudi hatua moja. Haukuwa umetolewa wala kunyimwa. Mchungaji akaanza kutafuta kitu kwenye Biblia yake.

Ndipo mama mkwe alipomaliza gurudumu la mwisho. Ni mama mfupi, asemaye machache, na miaka yote sikuwahi kujua ananionaje. Alikuja na kibuyu mpaka niliposimama, akainama kwa shida, akamimina mursik yote iliyobaki juu ya miguu yangu, viatu na soksi.

"Hii miguu ndiyo imetembeza hiyo gari mpaka hapa," akasema, akinyooka. "Mlikuwa mnaniacha nibariki mpira wa magurudumu."

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe alimtazama mkewe. Kisha akashika mkongojo wake, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akaingia, akaufunga. Akakaa akitazama mbele, anangoja.

Nilichukua ufunguo mwenyewe kutoka kwenye boneti. Mchungaji, mama mkwe na mume wangu wakajibana nyuma, mume wangu katikati, magoti yakimgusa kidevu. Maziwa yalikuwa yameingia mpaka kwenye vidole, na viatu vililia nilipoweka mguu kwenye breki. Sikujua kama baba mkwe amekasirika. Alikuwa karibu nami kuliko alivyowahi kuwa, na hakugeuza kichwa.

"Hii gari yako," akasema, "inaweza kutufikisha Turbo na kuturudisha?"

Nikamwambia inaweza. Ilibidi tungoje kidogo kabla sijaiwasha, kwa sababu sikuwa nikiona mbele.