Ukurasa wa 31 Uliosomwa Kisimani

Nakala 260 za kitabu changu zilichomwa moto Jumatano ya mnada, wiki ya pili baada ya Idi, hapa Garissa. Saa hiyo hiyo mkono wangu wa kulia ulivunjwa mara mbili, juu na chini ya kiwiko. Siku tisa baadaye mtoto wa mjomba wangu akauawa kisimani. Nataja yote mapema ili asitokee wa kuniuliza kwani nimepoteza nini.

Nina miaka thelathini na nne, mke na watoto watatu. Jina langu lifichwe. Naandika kwa mkono wa kushoto, na kwa Kiswahili, kwa sababu huku kila atakayenishauri kwa Kisomali ana upande.

Niliishia darasa la saba. Miaka kumi na mmoja nimekuwa karani wa mnada wa mifugo, kazi yangu ni kuhesabu. Kwetu mtoto hufundishwa kutaja mababu zake mmoja baada ya mwingine mpaka babu wa kwanza wa ukoo. Tunaita abtirsi. Niliona wazee wanazikwa nayo, nikashika daftari, nikazunguka miaka minne hadi kambi za wafugaji wa Balambala. Niliuza ng'ombe wawili, nikanunua taipureta, nikapiga chapa mwenyewe, nikapeleka Nairobi kwa mtu mwenye mashine. Nakala 500. Hakuna kampuni iliyonishika mkono, wala mheshimiwa aliyenichangia bila kutaka picha yake iwe mbele.

Nilikiuza mnadani nikiwa nimesimama juu ya kreti. "Taja babu yako wa saba, nikuonyeshe mstari wake." Aliyekwama alichekwa. "Huyu aliokotwa na mbuzi," wenzake walisema, naye akanunua kwa aibu. Wasiojua kusoma niliwapigia alama nyekundu kwenye jina lao, wakaenda wamelibana kwa kidole.

Sasa nikiri. Nilipokuwa nalinganisha hesabu, kila mlango wa ukoo anakotoka mama yangu ulikuwa na mababu kumi na tano au kumi na sita. Mlango wa mama mwenyewe ulikuwa na tisa. Watu sita hawapotei hivihivi. Nikampelekea mjomba karatasi. Tunamwita Abti.

"Wewe karani," alicheka, "hata maiti unawahesabu kama mbuzi."

Nikamkalia mpaka akasema. Babu wa tisa hakuzaliwa katika ukoo ule. Alifika na ngamia mmoja na jeraha la mkuki, akapokewa, akachukua jina lao. Watu wa namna hiyo tunawaita sheegad, na neno hilo likitamkwa hadharani, visu hutoka. Wenyeji wenyewe walishasahau.

Ningeweza kuandika majina tisa nikanyamaza. Lakini mnadani ukiandika kumi na zizini wamo tisa, kazi huna. Na nilijua jambo kama hilo litauza kitabu. Kwenye ukurasa wa 31 nikaongeza mstari mmoja: "Hawa walipokewa."

Wiki ya kwanza mzee mmoja wa upande wa wenyeji alinunua nakala arobaini. Mtu anunue kitabu kimoja mara arobaini, nami nihesabuye kila kitu nisiulize ni za nini. Nilifurahi, nikamfungia kwa kamba.

Alizigawa visimani.

Jumatano ile walikuja watu wa mama yangu, saba, wote nawajua kwa majina. Walimwaga mafuta ya taa juu ya makatoni. Nilipojaribu kuvuta moja, mkubwa wao akauweka mkono wangu juu ya kreti langu mwenyewe.

"Ni huu unaoandikia?"

"Binamu, mimi ni mtoto wa shangazi yenu."

"Ndiyo maana tunavunja mkono tu."

Rungu lilishuka mara mbili. Mara ya pili nilisikia mfupa kabla ya maumivu. Wanunuzi wa mbuzi walisogea pembeni wasiungue, basi.

Siku ya tisa mtoto wa Abti alipeleka ngamia kunywa kwenye kisima walichokitumia tangu babu yao. Walioona wananieleza kwamba kijana wa wenyeji alifungua kitabu, akasoma ukurasa wa 31 kwa sauti, akasema, "Mgeni husubiri ruhusa." Binamu yangu akamnyang'anya kitabu, akakitupa majini. Alipigwa panga la shingo akiwa bado ameinama. Ngamia walikunywa maji yale yale.

Nilikwenda matangani na mkono kwenye plasta. Abti hakunifukuza. Alisema, "Nilikuambia wewe. Sikuiambia karatasi."

Sasa wazee wa pande mbili wanakaa. Wenyeji wanasema mgeni aliyeingia kisimani kwa nguvu hana fidia. Watu wa mama wanadai ngamia mia, ama walipe kwa damu, na tayari bunduki mbili zimevuka mto. Abti anataka nisimame mbele ya wote, niape juu ya Msahafu kwamba ukurasa wa 31 niliutunga. Nikiapa, kisima kinafunguliwa kwa watu wa mama, fidia inalipwa, bunduki zinarudi.

"Abti, ni kweli, na wewe ndiye uliyenieleza."

"Allah anajua na mimi najua. Wao hawajui. Waapie."

Imamu niliyemuuliza, bila kutaja majina, alinijibu kwamba kiapo cha uongo juu ya Msahafu humzamisha mtu motoni. Mke wangu anauliza ni nani atakayezikwa wa pili. Na mimi, niseme ukweli, kuna sehemu yangu inayokataa kuitwa mwongo na watu walionivunja mkono.

Baraza ni Jumatano ya mwisho ya mwezi huu, baada ya adhuhuri. Nishaurini kabla ya Jumatatu yake jioni. Pole nimeshapewa za kutosha, na anayetaka kunifundisha subira asipoteze stempu. Nataka neno moja kutoka kwa kila msomaji: niape, au nisiape?