Lori la Maji Lililoacha Kulia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Masasi sikushika hata spana. Fundi Mkuu alinipa karai la mafuta ya taa na rundo la beringi chakavu, akaniagiza nizioshe, nizikaushe, kisha nizizungushe moja moja karibu na sikio. "Macho yatakudanganya," alisema. "Difu inasikilizwa." Nilijiona nimeonewa. Nimetoka kwetu Newala na cheti changu cha ufundi, suruali imepigwa pasi, halafu naambiwa nikasikilize vyuma!

Nyie mliozoea magari ya kompyuta huenda difu hamjawahi kuifungua. Ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake kuna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye gia boksi, nayo inasukuma gia kubwa iitwayo krauni ndipo magurudumu yaende. Pinioni imeshikwa na beringi mbili. Zikilika, gia hazikutani sawasawa, na lori linaanza kulia.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Newala kuhudumia lori la maji. Lilikuwa zee, pua ndefu, honi imekufa zamani na stoo haina nyingine. Lilichota maji bondeni na kupanda kilima kuja kwetu juu, na difu yake ililia njia nzima. Nililisikiliza siku moja tu nikaandika ripoti kwamba pinioni itakatika kilimani na kuua watu.

Fundi Mkuu alikuja na beringi mpya mwenyewe. Tulizing'oa za zamani kwa pula, kifaa cha kuvutia beringi, tukapachika mpya, tukarudisha shimu, vile vibati vyembamba kama karatasi vinavyoipa pinioni nafasi yake. Kwenye kukaza nati alinishika mkono. "Usikaze kwa hasira. Ikibanwa mno inaungua, ikilegea inagonga." Alizungusha kamba kwenye flenji, kile kisahani kinachounganisha pinioni na propela, akaivuta kwa mizani ndogo ya ndoano, ya wauza samaki, akisoma uzito unaohitajika kuigeuza. Tulirudia mpaka akaridhika. "Hapo sawa, fundi." Alikuwa hajawahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo, na nilifurahi kama mtoto.

Lori lilirudi kazini Alhamisi, zamu ya mtaa wetu. Kesho yake ilikuwa arobaini ya marehemu baba, na mama alikuwa anategemea maji hayo. Jioni nilifika nyumbani nikingoja sifa. Nilimkuta amekaa kando ya pipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lori limeharibika?"

"Limepona, mama. Halilii tena."

Alifunua pipa. "Sasa sisi tungejuaje kama limekuja?"

Pipa lilikuwa tupu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa ukilisikia likipanda, kina mama wanabeba ndoo, wanalikuta barabarani. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, lori likaja kimya, dereva akangoja, hakuona mtu, akaenda mtaa wa pili. Zamu yetu nyingine ilikuwa wiki iliyofuata. Ijumaa watu waliokuja kumsomea baba walinawa kwa maji ya kuazima, kikombe kimoja watu watatu.

Jumatatu, kabla Fundi Mkuu hajarudi Masasi, nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Umelitibu mpaka likawa bubu!" Kisha akainuka, akaokota kombe la beringi ya zamani, yaani ile pete nene ya nje, akalifunga kwa waya ubavuni mwa lori na kumpa utingo kipande cha nondo cha kuligongea. Tangu hapo kila kona ya kilima ililia ngaa, ngaa, na watu wakatoka na ndoo.

Nimestaafu sasa. Mafundi vijana wanaponiuliza, huwaambia kelele ya gari iondolewe, lakini kwanza waulize nani anaishi nayo. Wengine wanadhani nazeeka vibaya.

Lori lenyewe liliuzwa mnadani, likakaa miaka mingi kijijini Chiungutwa katikati ya mikorosho. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa Masasi aliyelinunua ili alifufue aliniita nibadilishe beringi za pinioni. Nilifanya kwa kamba na mizani ya ndoano, kama nilivyofundishwa. Badala ya ujira nilimwomba jambo moja: tulijaze maji bondeni, tulipeleke Newala, na kombe la zamani, ambalo nililifungua kabla ya mnada nikalitunza kwenye sanduku langu la zana, lirudi ubavuni.

Tulipanda kimya kabisa. Karibu na kwetu nilishuka nikaligonga kombe mara tatu. Siku hizi mtaa una bomba, japo maji hayatoki kila siku, na mama ni mzee, masikio yamechoka. Sikutegemea kitu.

Mlango ukafunguka. Mama akaja polepole, ndoo mkononi, akalitazama lori, kisha mimi.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Wageni wa baba yako wameshaondoka."

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Niliipokea ndoo, nikafungulia maji mpaka yakamwagika chini, na yeye, aliyetufundisha kutopoteza hata tone, hakunikataza.