Vipande vya Mti kwenye Pedali

Kuna asubuhi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu Furaha, na leo umenirudishia yote bila kujua. Nimefungua dirisha langu hapa jirani nikaona kiti cha dereva kimelala kwenye majani, nati zimejaa kwenye sahani ya wali, na wewe uko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasema, haya, na huyu naye ameanza. Toka kwanza. Weka hiyo funguo ya nati chini. Hapana, usiniletee kiti, mimi nikiwa na jambo la kusema siwezi kukaa, unanijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ni hapa hapa Bagira, kwenye ile nyumba ya chini karibu na robine, lile bomba la maji la mtaa. Babangu alikuwa dereva maisha yake yote, na alipokufa alituachia Kokisineli, ile gari ya mgongo wa duara yenye moteri nyuma, kama hii unayoifungua. Wengi walidhani ni gari ya Papa. Kumbe aliyeiendesha zaidi ni Mama. Mama alikuwa mkunga kwenye kituo cha afya huko Mudaka, mwanamke mfupi, mfupi kabisa, ukimwona kwa mbali unadhani ni mwanafunzi, na Papa ndiye aliyemfundisha kuendesha. Baada ya msiba gari ikazima, haikuwaka tena. Miaka mitatu ilikaa chini ya mabati, kuku wakataga ndani, na Mama akawa anatembea mpaka barabara kubwa, kisha anagombania nafasi kwenye taksi-basi. Alichelewa kazini. Alichelewa sana, na watoto hawangoji basi ijae ndipo wazaliwe. Mwishowe mkubwa wake wa kazi akamwambia waziwazi: kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, ukichelewa tena, nafasi yako naipa mwingine.

Mimi nilikuwa nimejifunza ufundi kwenye garaji moja kule Kadutu. Nikamwambia Mama aniachie, nitaifufua gari kabla ya hiyo Jumatatu. Alinishika mkono akasema, "Irudishe vile papa yako aliiacha. Mimi ndiye nitaendesha." Maneno hayo tu. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku kichwani nimeshaipaka rangi.

Sijui wewe unajisikiaje. Mimi mikono iliniwasha. Nikila, naona gari. Nikiwa kanisani padri anahubiri, mimi nachora magurudumu mapana kwenye paja kwa kidole. Tonton Cikuru, mdogo wake Papa, alikuja kunisaidia kushusha moteri. Unaijua kazi yenyewe: nati nne, tairi kuukuu chini, mnaishusha polepole mpaka inakaa juu ya tairi. Tulipomaliza akazunguka mbele, akafungua kifuniko, pale ambapo wengine wana moteri na sisi tunaweka mizigo, akaona mfuko wa changarawe umebanwa kando ya gurudumu la akiba. Akachungulia ndani, akaona vipande vya mti vimefungwa kwenye pedali kwa mpira, na kabari nene chini ya kiti. Mimi nikacheka. Nikasema marehemu naye alikuwa na mambo! Tonton hakucheka.

"Mbele ya kutupa, uliza maman yako," akasema. "Uliza, we mutoto. Usitupe ovyo."

"Tonton, hii ni gari ao ni mukokoteni?" nikamjibu.

Akanawa mikono, akaenda zake.

Sikuuliza. Wala usinitazame hivyo, nimeshajitazama mwenyewe vya kutosha. Vile vipande vilikuwa vikavu, vya mti mgumu. Nikavitia kwenye mbabula pamoja na makaa, nikachemshia chai. Chai hiyo niliinywa na nikaisifu. Changarawe nikaimwaga kwenye tope la mlangoni. Kisha nikachukua msumeno wa chuma, nikakata reli za kiti, nikakichomelea chini na nyuma, ili dereva akae amelala kidogo kama vijana wa mjini. Nikakata mabati yanayofunika magurudumu ya nyuma, nikatia matairi mapana, nikatia bomba la moshi lenye kelele. Rangi ya machungwa. Ee, ilipendeza! Siwezi kukudanganya, ilipendeza sana.

Kila jioni Mama alirudi kutoka kazini, viatu mkononi, akasimama nje ya pazia nililotundika. Aniulize kama anaweza kuona, mimi nimwambie bado, Maman, ngoja. Siku moja akauliza, "Kiti umekigusa?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikutaka kujua kwa nini anauliza, ndiyo maana nikamjibu haraka.

Jumatatu ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya mapambazuko na njia yote ni utelezi. Mama akatoka amevaa nguo zake nyeupe za kazi, zimepigwa pasi, mfuko begani. Nikavuta pazia. Majirani wakapiga vigelegele, Mama akaweka mkono mdomoni, akaizunguka gari nzima. Nikamfungulia mlango. Akaingia, akaketi, akapotea. Nasema akapotea kwa sababu kutoka nje tuliona kilemba tu. Akanyoosha mguu, haukufika. Akajivuta mpaka ukingoni mwa kiti, akashika volani kwa mikono miwili, akanyoosha tena. Ncha ya kiatu ikagusa pedali, ikateleza. Vigelegele vikanyamaza kimoja kimoja.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema polepole, bila kuniangalia:

"Miti yangu iko wapi?"

"Miti gani, Maman?"

"Ya ku pedali. Papa yako aliichonga. Nilikaa hapa siku muzima, yeye amepiga magoti chini, anapima muguu yangu, anachonga, anapima tena."

Ningemwambia nini, kwamba nimechemshia chai? Hapo ndipo akaniangalia.

"Gari yako iko muzuri, mutoto wangu. Muzuri sana. Sasa yangu iko wapi?"

Mwanangu, mimi mzee mzima ninayesimama hapa, swali hilo bado linaniuma. Nikamwambia asogee, nitamwendesha mimi, tutafika. Nikaondoka kwa pupa. Kwenye mteremko wa kushukia barabara kubwa nikakata kona, na gari haikukata. Pua ilikuwa nyepesi, uzito wote uko nyuma, na ile changarawe Papa aliyoiweka ili kuikandamiza chini tulikuwa tunaikanyaga mlangoni. Nikazungusha volani, magurudumu yakageuka, gari ikaendelea kwenda mbele tu mpaka mtaroni. Hakuna aliyeumia. Mama akafungua mlango, akapandisha nguo yake nyeupe, akashuka kwenye tope, akaanza kutembea. Hakuniita. Nilibaki pale na gari yangu ya machungwa nalia, wamama wanaokwenda sokoni wanapita wananitazama, mmoja akaniuliza kama nimevunjika.

Alifika Mudaka saa nne. Nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine.

Utauliza kama alinikasirikia. Ndiyo, alinikasirikia! Hakuniongelesha mpaka Alhamisi. Siku hiyo nilikwenda kwa Tonton Cikuru kuomba mti mgumu, akanipa bila kunisimanga, na hilo liliniaibisha zaidi kuliko matusi. Nikarudisha reli za kiti, zimejaa makovu. Nikamwomba Mama aketi. Nikapiga magoti, nikashika mguu wake ili niupime, na ndipo nikauona. Miaka ishirini na miwili, sijawahi kuutazama mguu wa mama yangu. Ulikuwa mdogo, kisigino kimepasuka, kidole gumba kimepinda kwa mawe ya njia ile. Miaka mitatu ulikuwa unapita mbele yangu asubuhi na jioni. Nilichonga vibaya, nikatupa, nikachonga tena, na yeye ananielekeza tu: punguza hapa, hapo acha. Aliendesha tena, ndiyo. Alikwenda sokoni, kanisani, aliwapeleka wajawazito wa mtaa huu hospitali. Lakini kazi yake ya Mudaka haikurudi, na kila alipopita mbele ya kile kituo alikaza macho barabarani mpaka tumekipita mbali.

Sasa wewe. Najua unataka kumshangaza baba yako. Gari ni yake, aliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu, na Jumamosi anarudi kutoka Luberizi kwenye mpunga wake. Umetazama video kwenye simu, umeagiza vifaa, huwezi kutulia. Nakuona kutoka dirishani na najiona mwenyewe. Sikukatazi kuitengeneza. Unaijua moteri kuliko nilivyoijua mimi kwa umri wako, na ukitaka kubadilisha rangi nitakushikia kopo. Lakini kila kitu cha ajabu utakachokikuta ndani, kamba, kipande cha mti, kitambaa kilichofungwa mahali usipopaelewa, kuna mtu alikiweka, na alikuwa na sababu yake. Muulize kabla hujakitoa. Kama amekufa, muulize aliyebaki. Na yule atakayeketi kwenye gari mwite aketi, umwangalie vizuri, kabla hujashika msumeno. Kumshangaza mtu ni raha yako wewe. Yeye pengine anahitaji kufika kazini tu.

Baba yako ana lile goti linalomuuma. Umewahi kumtazama anavyoingia kwenye gari hii? Mimi nimemtazama. Anaingiza kwanza mguu mzima, anashika mlango, anauvuta ule mwingine kwa mkono. Kile kiti ulichokilaza kwenye majani, matundu yake ya nati yametobolewa upya, nyuma kidogo ya yale ya zamani. Nenda ukayaangalie. Aliyatoboa yeye mwenyewe, siku nzima, na wewe ulikuwa shule.

Chukua simu umpigie sasa hivi, kabla hajaingia shambani. Mwambie umefungua gari yake, umuulize anataka nini kibaki. Atakugombeza kidogo, umwache agombeze.

Na mimi nakuombea, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo wa kungoja jibu. Akulinde kwenye miteremko yetu hii ya Bukavu, wewe na wote utakaowabeba. Na siku baba yako atakapoketi kwenye gari uliyoitengeneza, aketi bila kuumia, akuite jina lako kwa furaha. Amina.