Nilimpa mzee mkono nikiwa nashinda, na safari ya Kampala ikaenda (chess ya kimataifa, Embu)

Wakuu, habari zenu. Mimi hapa huwa nasoma tu kimya kimya, kuandika naogopa. Lakini hii imenikaa kifuani tangu wikendi, na nitaieleza vile ilitokea, hata pahali inaniaibisha.

Niko Form Three, kwetu ni Kianjai. Kuongea mbele ya watu siwezi. Ndiyo maana nilipenda chess, unakaa saa nzima na hakuna mtu anakuuliza kitu.

Sasa kuna hii tournament ya Embu. Kwa wale hawaijui, ilianza kama mchezo tu wa mtaa wa Dallas, hapo Embu mjini, watu wakicheza kwa veranda ya duka na bodi ya mbao waliyojichorea. Wakaalika shule. Halafu Waganda wakaja na clock zao, wakatuchapa vibaya, wakarudi kwao. Watanzania nao wakasikia. Siku hizi ni international, hadi refa anavaa tai.

Mwaka huu wasichana wawili wa juu wangepelekwa Kampala kucheza. Kabla ya round ya mwisho, Madam Nkatha, mwalimu wetu wa chess, akaniita kando.

"Karimi, ukishinda hii unaenda. Draw haitoshi. Umenisikia?"

Nikasema ndiyo. Chai ya break hata kuinusa sikuweza.

Nikapangwa na mzee kutoka Tanzania. Mvi kichwa chote, koti zito, umri wa guka wangu, babu mzaa baba, kabisa. Alicheza polepole akihema. Mimi nilitoa jasho mpaka pieces zikawa zinateleza kwa vidole, lakini nikapata rook yake bure. King wake akabanwa kona.

Nikaiona checkmate, wakuu. Niliiona vile naona hii simu.

Akasogeza pawn, akaniangalia, akanyoosha mkono juu ya bodi.

"Mjukuu wangu, tutoke sare?"

Nilijua maana yake. Sitadanganya eti sikujua. Ukishika huo mkono, game imeisha.

Lakini kwetu mtu wa umri huo akikunyooshea mkono, huwezi kumwacha nao hewani. Nimefinywa sana kwa hayo maneno nikiwa mdogo. Kichwa kinasema hapana, mwili nao umeshasimama. Nikampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, goti likainama kidogo. Heshima yote!

Akasimamisha clock. Refa akaja.

"Ni draw? Mmekubaliana?"

Hapo ndipo ningeongea. Sentensi moja tu. Nikajaribu, sauti ikatoka kama ya kuku mgonjwa: "Mimi nilikuwa namsalimia."

Meza za jirani zikacheka. Mzee mwenyewe akaguna akiangalia bodi. Refa akasema kwa upole kwamba mkono ni mkono, akaandika nusu nusu.

Nafasi ikaenda kwa msichana wa Chuka. Madam hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alininunulia soda, akanipa akiangalia upande mwingine. Mwenda wa timu yetu ndiye aliongea.

"Wewe Karimi, hata mwizi akiingia kwenu utamsalimia kwanza, halafu umwonyeshe TV iko wapi."

Nyumbani nikamwambia baba, nikitarajia pole. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo ulimpa mzee mkono? Vizuri sana."

Kwake yeye nilishinda. Nikaenda kulia jikoni.

Kitu nimejifunza ni kwamba kujua jibu na kulitoa mdomoni ni kazi mbili tofauti. Ile ya pili hakuna mtu alinifundisha. Sasa nafanya mazoezi na dada yangu mdogo. Tukicheza ananyoosha mkono, mimi nakalia wangu, nasema, "Asante mzee, naomba tuendelee." Yuko Grade Four tu na bado nashindwa kumwangalia machoni.

Wakuu mnaocheza na watu wazima, nyinyi huwa mnakataa aje bila kukosa adabu? Niambieni. Comments nitasoma zote. Kujibu ndiyo sijui kama nitaweza.